Nisitiri

Duka langu la dawa liko nyuma ya soko la zamani, Malindi,
ubavuni mwa fundi cherehani.
Mlango wa mbele wauza panadol na nepi.
Mlango wa uchochoroni wauza minong'ono.

Huja baada ya isha, kofia kaishusha hadi kwenye nyusi.
Hataji maradhi, hutaja rangi:
"Zile nyekundu kwa nyeusi. Nne tu, dada.
Nisitiri."
Nne si dozi, najua.
Nachukua mkasi, nakata.

Kazungu wa bodaboda nilimuuliza: na mkeo?
Akanitazama kama nimemvua nguo sokoni.
"Mke wangu mzima. Mimi nimenasa kwenye tego,
kuna mtu kamtega mkewe kule Muyeye.
Hizi zako za kupoza moto tu,
mzizi ataung'oa mganga."
Akaondoka na nne zake.
Mkewe huja Jumamosi, mlango wa mbele,
kununua dawa ya kiuno.

Bi Mwanatumu amewafunda wari miaka thelathini:
udi, kikuba, namna ya kupokea,
namna ya kunyamaza kwa madaha.
Nikamuuliza, na usaha je, na kuchomwa na mkojo?
Akatia kanga mdomoni.
"Mwana wa watu namfunza raha.
Nuksi atajifunza mwenyewe."

Mwalimu wa sayansi aliiruka sura ile:
mtaisoma nyumbani.
Nyumbani wakaambiwa: hayo ya shule.

Sidi anapiga deki kwenye jumba la Casuarina.
Mwenye jumba huja na baridi ya kwao, nywele pamba,
na mpira hautaki, asema unamkata hamu.
Sidi ana ndugu watatu darasani,
wote watatu wamekalia neno moja: "sawa."
Mama yake hupokea bahasha kwa mikono miwili
wala haulizi.
Nami nikimuuza dawa ya tumbo la chini
nampunguzia bei, najiona mwema.

Stara. Neno zuri hilo, nimelelewa nalo.
Hufunika kichwa, hufunika deni,
hufunika njaa ya jirani asichekwe.
Hufunika na kidonda,
kikavunda polepole chini ya kitambaa safi.

Kisha akaja Twalibu.
Mume wa Mwanasha. Mwanasha wangu.
Alidhani yuko kijana wangu wa zamu,
akanikuta mimi, na kibatari, maana stima ilikuwa imekatika.
Mkwe na mkwe hawatazamani machoni:
tukatazama sakafu, kila mtu kigae chake.
"Panadol," akasema.
Lakini nimesimama nyuma ya kaunta hii miaka kumi na tisa,
naujua msimamo wa mtu aliyejia panadol.
Nikatia kwenye bahasha asichokiomba.
Akapokea. Hakushukuru. Tulielewana kwa heshima zote.

Mwanasha alikuwa na mimba ya miezi saba.
Kesho nitamwambia, nikasema.
Nikasema tena siku iliyofuata.
Nikasema hadi uchungu ukaanza.

Siku ya tatu macho ya mtoto yaligandana,
yakivuja manjano, kope zimevimba kama kunazi.
Majirani: mkamulie maziwa ya mama, ni ubaridi huo.
Nilimfunga kwenye leso nikakimbia.

Muuguzi hakunong'ona.
Aliuliza kwa sauti ya mchana, mbele ya foleni:
"Mama, ulipata dalili yoyote? Na baba je?"
Mwanasha hakumjibu.
Alinigeukia mimi,
mimi niliyemfunza kutouliza.

Jicho la kulia limepona.
La kushoto bado twangoja.

Jana, baada ya isha, mlango wa uchochoroni ukagongwa.
Kofia hadi kwenye nyusi.
"Dada, nisitiri."
Nikawasha taa kubwa.
Nikatoa viti viwili.
Kamwite mwenzio, nikamwambia. Nangoja.